Kambakochi wa Mtwara na Lindi: namna ya kuwavua bila kuwamaliza

Vijiji vingi vya pwani ya kusini vimeshasikia, na vingine vimeshaona, faida ya kufunga mwamba wa pweza. Songosongo, wilayani Kilwa, ni mfano unaojulikana. Mwamba unaachwa miezi kadhaa bila kuvuliwa, siku ya kufungua watu wanashuka na vikapu, na uzito wa pweza unaonekana kwenye mizani. Ndiyo maana BMU, yaani kikundi cha kijiji cha kusimamia uvuvi, ikikaa kuzungumzia kambakochi (kamba mkubwa wa miambani asiye na magando), wazo la kwanza huwa ni lile lile: na sisi tufunge miezi mitatu. Tunashauri msianzie hapo.

Pweza wa miamba yetu huishi mwaka mmoja au zaidi kidogo. Jike hutaga mara moja, huyalinda mayai yake, kisha hufa. Katika miezi ya mwisho ya uhai wake huongezeka uzito kwa kasi kubwa, kwa hiyo miezi mitatu inatosha kabisa kuleta tofauti. Kambakochi hakui hivyo. Hukua kwa kujivua gamba, hatua kwa hatua, na humchukua miaka kadhaa kufikia uzito wa kilo moja. Mayai yake yakianguliwa, viluwiluwi hukokotwa na mikondo ya bahari kuu kwa miezi mingi kabla ya kurudi mwambani wakiwa vitoto vyembamba vinavyopitisha mwanga. Aliyetua Msimbati, mkoani Mtwara, huenda alianguliwa mbali sana na Msimbati. Mkifunga mwamba miezi mitatu kisha mkaufungua bila kipimo, kilichoongezeka ni kidogo, na wazamiaji watakaoingia kwa pamoja watakimaliza ndani ya bamvua mbili (vipindi viwili vya maji makubwa), wakubwa kwa wadogo.

Kijiji hakiwezi kuamua viluwiluwi wangapi watatua kwenye mwamba wake. Kinaweza kuamua wale waliokwisha kutua watavunwa wakiwa na ukubwa gani, majike wangapi watazaa kwanza, na kila mmoja atauzwa kwa bei gani. Hapo ndipo penye fedha, na hatua zilizo hapa chini zote zinahusu mambo hayo matatu. Hatua mbili za kwanza zinaweza kuanza bamvua lijalo bila kusubiri mfadhili wala barua ya mtu.

Hatua ya 1. Jueni mnavua kambakochi gani

Wapo wa aina tano katika maji yetu, na kila mmoja ana mahali pake na ukubwa wake.

Anayebeba biashara ni *Panulirus ornatus*: gamba la kijani na samawati, miguu yenye pete za rangi nyeupe na nyeusi, madoa makubwa ya manjano ubavuni mwa mkia. Huyu ndiye mkubwa kuliko wote, na ndiye wanunuzi wa kambakochi hai wanayemtaka. *Panulirus versicolor* ana mistari myeupe inayokata mkia na masharubu meupe; hupenda matumbawe yaliyo hai na maji maangavu. *Panulirus longipes* ni wa kahawia au zambarau, mkia umejaa vidoa vidogo vyeupe. *Panulirus penicillatus* hukaa ukingo wa nje wa mwamba, pale mawimbi yanapovunjika, na *Panulirus homarus* hupenda maji ya machafuko na yenye tope karibu na ufuko.

Halafu jifunzeni kutofautisha dume na jike kwa kumgeuza. Tazama mguu wa nyuma kabisa, wa tano: jike ana kijikoleo kidogo kwenye ncha, dume hana. Chini ya mkia, vipezi vya jike ni vipana na vimegawanyika mara mbili. Vya dume ni vyembamba, kimoja kimoja. Mzamiaji akishazoea anamtambua kwa kumshika tu, bila hata kumtoa majini.

Hatua ya 2. Fungueni daftari diko

Msitunge sheria kabla ya kuwa na angalau bamvua kadhaa za kumbukumbu, kwa sababu kila mtu kwenye mkutano atakuja na takwimu yake ya kichwani na hamtafika popote.

Karani awe mtu wa diko, pale vyombo vinaposhusha mavuno, ambaye si mnunuzi wala hana deni kwa mnunuzi. Kwa kila chombo aandike tarehe, jina la mwamba kama wenyeji wanavyouita, idadi ya wazamiaji, saa walizokaa majini, jumla ya kilo na bei. Kwa kila kambakochi: jinsia, urefu wa gamba kwa milimita, na hali ya mayai. Pia waandikwe waliorudishwa baharini. Hawa hawafiki diko, kwa hiyo ni lazima wahesabiwe huko huko. Kata kipande cha plastiki nyeupe cha ndoo iliyopasuka, kikwangue kwa msasa, kitoboe tundu na kufunga penseli ya kawaida kwa uzi. Penseli inaandika hata chini ya maji.

Kosa linaloharibu madaftari mengi ni kuandika kilo peke yake. Kilo zinaweza kubaki zile zile mwaka hata mwaka huku mwamba ukiisha, kwa sababu wazamiaji wanakwenda mbali zaidi na kukaa majini muda mrefu zaidi. Ukigawa kilo kwa idadi ya wazamiaji, kisha kwa saa walizokaa, ndipo ukweli unaonekana. Wazamiaji wanne wakikaa majini saa tatu na kuleta kilo 18, hiyo ni kilo 1.5 kwa mzamiaji kwa saa. Namba hiyo ndiyo ya kufuatilia.

Mizani nayo ipimwe kila wiki mbele ya wavuvi. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kwa hiyo chupa ya lita moja na nusu iliyojaa lazima isome kilo 1.5 na uzito mdogo wa chupa yenyewe. Mizani inayodanganya huvunja imani ya daftari zima.

Hatua ya 3. Tengenezeni kipimo cha gamba, na kiende majini

Uzito hauwezi kutumika kama kipimo cha kumwacha au kumchukua, maana mizani iko diko na kambakochi akifika diko amekwisha kuchukuliwa. Urefu wa mkia pia hausaidii, kwani hujikunja. Kinachopimwa ni gamba la kichwa: kuanzia kati ya vile vipembe viwili vilivyo juu ya macho, katikati ya mgongo, hadi ukingo wa nyuma wa gamba pale mkia unapoanza. Sehemu hiyo haijikunji wala hainyooki.

Kipimo ni kipande cha alumini au plastiki nene kilichokatwa pengo lenye upana mnaotaka. Upande mmoja wa pengo unaukaza kati ya vipembe, upande wa pili ushuke nyuma ya gamba. Pengo likimeza gamba lote, huyo ni mdogo, arudi shimoni. Gamba likilikataa pengo, anachukulika. Msitumie mbao, huvimba kwa maji. Fundi wa vyuma akate kimoja kwa usahihi, kikaguliwe kwa rula ya chuma, kikae ofisi ya kijiji, na vingine vyote vilinganishwe nacho kila mwanzo wa msimu. Kuna mtu atakayekwangua kipimo chake kwa tupa kidogo kidogo, na kuna atakayepima kuanzia kwenye ncha ya kipembe na si kati ya vipembe, ili mdogo aonekane mkubwa. Yote mawili yaelezwe wazi tangu siku ya mafunzo.

Upimaji ufanyike chini, mdomoni mwa shimo. Hili tunalisisitiza kuliko jingine lolote. Kambakochi aliyepandishwa chomboni, akapigwa jua, kisha akatupwa majini juu ya mchanga au mbali na pango lake, mara nyingi haishi. Anashuka mchana kweupe hana pa kujificha, na chewa na samaki wengine wakubwa wanamngoja. Mtaandika daftarini kwamba amerudishwa, kumbe amekufa. Ikibidi kumpandisha, arudishwe mwamba ule ule, mzamiaji amshushe kwa mkono hadi shimoni.

Pengo liwe la milimita ngapi? Kwanza muulizeni afisa uvuvi wa wilaya kiwango kinachotajwa na kanuni, kwa sababu sheria ndogo ya kijiji inaweza kukaza lakini haiwezi kulegeza. Kisha tumieni daftari lenu. Katika miezi ambayo majike wenye mayai ni wengi, wapangeni majike wote mliowapima katika makundi ya milimita tano tano: 60 hadi 64, 65 hadi 69, na kuendelea. Hesabuni katika kila kundi ni wangapi wana mayai au doa jeusi la mbegu za dume kifuani (limeelezwa katika Hatua ya 4). Kundi ambalo nusu au zaidi wameonyesha dalili hizo ndilo la waliokomaa, na kipimo chenu kiwe juu ya hapo. Majike 200 waliopimwa vizuri wanatosha kutoa jibu la kuaminika.

Kwa kulinganisha, katika mlango wa bahari wa Torres, kati ya Australia na Papua New Guinea, ambako *ornatus* ndiye anayevuliwa, kiwango cha chini ni milimita 90 za gamba. KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, ambako wanavua *homarus* aliye mdogo kwa umbo, ni milimita 65. Kwa hiyo msichukue namba ya jirani kabla ya kujua jirani anavua nani.

Kijiji kilichozoea kuchukua kila kinachoonekana kisiruke kwenda 90 kwa siku moja. Wazamiaji watapoteza sehemu kubwa ya mapato ya msimu huo na sheria itakufa kabla ya kusi kuingia. Anzeni na 75, ongezeni milimita tano kila mwanzo wa kaskazi hadi mfikie namba iliyotoka kwenye daftari lenu. Na kipimo kiwe kimoja kwa kijiji kizima, isipokuwa mnavua aina mbili zinazotofautiana sana. Vipimo viwili ni ugomvi wa kila siku diko.

Hesabu ya kuwaonyesha watu mkutanoni ni hii. Urefu wa gamba ukiongezeka kwa robo, uzito unakaribia kuwa maradufu. *Ornatus* wa milimita 70 ana karibu gramu 300. Wa milimita 90 anazidi gramu 600. Wa 100 anazidi gramu 800. Tuchukulie, kwa mfano tu, kwamba mdogo ananunuliwa shilingi 20,000 kwa kilo na mkubwa aliye hai shilingi 35,000. Wadogo kumi wa gramu 300 ni kilo 3, sawa na shilingi 60,000. Waacheni hadi gramu 800, na tuseme watatu kati ya hao kumi wameliwa na samaki au wamehama. Saba waliobaki ni kilo 5.6, sawa na shilingi 196,000. Hata bei ingekuwa moja, 20,000 kwa wote, bado mngepata 112,000. Wekeni bei zenu za wiki hiyo kwenye hesabu, iandikwe ubaoni, watu wajadili wakiiona.

Hatua ya 4. Mwenye mayai asiguswe

Jike hubeba mayai chini ya mkia kwa takriban mwezi mmoja, mamia ya maelfu kwa mara moja, na mkubwa sana huweza kuzidi milioni. Mayai mapya ni ya rangi ya machungwa. Yakikaribia kuanguliwa huwa ya kahawia au kijivu na ukitazama karibu unaona vijicho vyeusi. Kabla ya kutaga, dume humwachia jike doa la mbegu kifuani, kati ya miguu, ambalo hukauka na kuwa jeusi. Jike hulikwangua doa hilo wakati wa kutaga. Kwa hiyo mwenye doa ambaye hana mayai ni mama wa wiki chache zijazo. Naye aachwe.

Atakayetaka kudanganya atayakwangua mayai kwa brashi au kwa kidole kabla ya kufika diko. Karani awageuze majike wote. Mayai yaliyoanguliwa yenyewe huacha maganda matupu yamening'inia kwenye nywele za vipezi, na nywele zenyewe ni ndefu na nzima. Yaliyokwanguliwa huacha nywele zilizokatika, vipezi vilivyochanika na mabaki ya mayai mabichi kwenye viungo vya mkia. Ukishaonyeshwa mara moja huwezi kukosea tena.

Wavuvi wa Maine, Marekani, ambao wanavua kamba wa aina nyingine mwenye magando makubwa, hukata alama ya V kwenye pezi la mwisho wa mkia wa jike mwenye mayai kabla ya kumwachia. Hata asipokuwa na mayai safari nyingine, mvuvi mwingine anaijua alama na kumwacha. Ni njia ya bei nafuu na inafaa kujaribiwa hapa: mkasi mkali, mkato wenye kina cha nusu sentimita kwenye pezi la upande wa kulia, na kijiji kizima kikubaliane pezi ni lipi. Msikate kambakochi aliyetoka kujivua gamba. Mwili wake ni laini na atapata kidonda. Alama hufifia akijivua mara moja au mbili, basi ikionekana inafutika ikatwe upya.

Tunapendekeza pia kumwacha jike mkubwa sana, wa zaidi ya milimita 120, hata kama hana mayai. Mayai yake ni mengi kupita ya majike wadogo kadhaa kwa pamoja, na wanunuzi wa kambakochi hai mara nyingi wanapendelea wa kilo moja au pungufu kidogo kuliko jitu la kilo mbili.

Hatua ya 5. Chagueni zana zinazomleta mzima

Baruti, sumu, kokoro, bunduki za mishale na mitungi ya gesi ya kuzamia hazijadiliwi kwenye mkutano, zimekatazwa. Lakini semeni na sababu yake, kwa kuwa mtu hutii zaidi anachokielewa. Baruti humuua kambakochi aliyepo na kuliporomosha pango ambamo mwingine angekaa, na tumbawe lililosambaratika huchukua miaka mingi kujijenga. Mitungi ina ubaya wa namna mbili. Mzamiaji anayekaa kina kirefu na kupanda haraka hupata mapovu ya hewa kwenye damu, anapooza au anafariki. Na mzamiaji wa pumzi hafiki kwenye miamba ya kina. Wakubwa na wenye mayai walioko huko ni akiba ya kijiji inayojilinda yenyewe. Mitungi inaifuata akiba hiyo hadi chini.

Njia bora ni kuzamia kwa pumzi, kwa miwani, glovu nene, fimbo na wavu wa mkono. Kambakochi humwogopa pweza, ambaye ni adui yake. Fungeni pweza kwenye ncha ya fimbo, aingizwe taratibu upande mmoja wa pango, na wavu usubiri upande wa pili. Kambakochi hutoka kwa kurudi nyuma, mkia mbele, kwa hiyo mdomo wa wavu uwe nyuma yake. Hapo ana miguu yote, masharubu yote, hana tundu. Mkuki humtoboa, na aliyetobolewa hauziki akiwa hai. Tena ukishachoma huwezi kupima kwanza.

Anayetumia madema, yaani mitego ya kikapu au waya, aongeze vitu viwili. Kwanza, mlango wa wadogo: pengo la ulalo, upana wa milimita 50 hadi 55, chini kabisa ubavuni. Pili, sehemu moja ya ukuta ifungwe kwa kamba ya makumbi au katani na si ya nailoni. Dema likipotea, kamba inaoza na waliomo wanatoka. Dema la waya lililopotea likiwa limefungwa kwa nailoni linaendelea kuua mwaka mzima.

Nyavu za kutega chini ni tatizo. Zinanasa wenye mayai, wadogo na kila kiumbe, na kumnasua kambakochi bila kumvunja miguu ni kazi. Kama kijiji hakiwezi kuziacha mara moja, basi zitegwe jioni na zipandishwe alfajiri ile ile, mbali na matumbawe, na siku za upepo mkali zisitegwe. Wavu uliolala usiku wa pili huleta mizoga.

Mtasikia watu wakipendekeza vijumba vya zege au mapipa ya kuwakusanyia kambakochi. Vijumba havizalishi kambakochi. Vinawakusanya waliopo na kurahisisha kuwashika. Huko Punta Allen, Mexico, ushirika wa Vigía Chico unavitumia kwa mafanikio kwa sababu ghuba imegawanywa, kila mvuvi anajulikana eneo lake, na mwenye eneo anamwacha mdogo akijua atamkuta. Pasipo mgawanyo wa namna hiyo, vijumba vinaharakisha kumaliza.

Msiwasahau wanawake wanaochokoa pweza miambani maji yakitoka. Kambakochi wadogo hukaa kina kifupi na hukutana nao kwanza. Wapewe vipimo na mafunzo sawa na wazamiaji, na waelezwe pamoja na hili kwamba pweza wa chini ya gramu 500 amekatazwa na kanuni za uvuvi.

Hatua ya 6. Mfikisheni akiwa hai

Kumsimamia vizuri baharini na kumwacha afe kwenye ndoo ni kazi bure. Kambakochi akifa, vimeng'enya kutoka tumboni huanza kulainisha nyama ya mkia ndani ya muda mfupi, na bei huporomoka.

Mshike mgongoni, juu ya gamba. Usimshike kwa masharubu wala miguu, vinakatika, na mnunuzi anamshusha daraja. Chomboni alazwe kwenye kreti lililofunikwa kwa gunia la katani lililoloweshwa maji ya bahari, kivulini, gunia lirudiwe kuloweshwa kila baada ya nusu saa. Ndoo yenye maji yaliyosimama ni mtego: maji yanapata joto, hewa inaisha, wanakufa wote kwa pamoja. Maji yasiyo na chumvi, ya bomba au mvua, yanamuua. Kreti lifunikwe mvua ikinyesha.

Kizimba cha kusubiria mnunuzi kinaweza kuwa cha mita moja kwa moja na kina cha nusu mita, fremu ya mbao au mabomba ya plastiki, wavu wa matundu ya milimita 25. Kining'inizwe kwenye boya na nanga mahali penye mkondo wa wastani, mbali na mdomo wa mto, na hata maji yakitoka kabisa kibaki na mita mbili chini yake ili kisiburuze tope. Msizidishe kilo 15 kwa kizimba cha ukubwa huo. Wekeni vipande vya bomba au matofali ya matundu wapate pa kujificha, kwa maana anayejivua gamba usiku huliwa na wenzake. Asubuhi kila siku ondoeni aliyekufa na mtenge mwenye gamba laini. Kabla ya kusafirisha, wasile kwa siku moja nzima.

Kwa safari ya kwenda Mtwara mjini au Dar es Salaam, wapakiwe kwenye boksi la povu lenye maranda ya mbao safi yaliyoloweshwa kidogo kwa maji ya bahari. Barafu iwe ndani ya chupa zilizofungwa vizuri na kuzungushiwa gazeti, isiwaguse. Lengo ni wapoe na kutulia, wasigande. Safari ianze usiku.

Akifa njiani, kichwa kitenganishwe na mkia papo hapo, mkia uoshwe kwa maji safi ya bahari na uingie kwenye barafu. Kichwa kisiachwe kimeshikana na mkia hata saa moja.

Hatua ya 7. Mnunuzi awe ndani ya makubaliano

Mzamiaji mwenye deni hana uhuru wa kumwacha mdogo. Tajiri aliyempa miwani, boti na fedha ya chakula atataka kilo, na kama ananunua wadogo, kipimo hakina maana. Kwa hiyo wanunuzi wote wanaofika diko waitwe mapema, wasaini karatasi moja: hawanunui aliye chini ya kipimo, hawanunui mwenye mayai wala mikia iliyokatwa baharini, wanapima kwa mizani ya diko, na bei inatangazwa ubaoni asubuhi kwa madaraja. Hilo la mikia lina sababu yake. Kambakochi akishakatwa hapimiki gamba, wala mayai hayaonekani.

Wavuvi nao wauze kwa pamoja. Wanunuzi wawili wanaoshindania kilo 40 za kambakochi hai waliomo kizimbani hutoa bei ambayo mzamiaji mmoja mwenye kilo mbili haipati. Sehemu ndogo ya kila kilo, kiasi kitakachopitishwa na mkutano, iingie kwenye mfuko wa mafuta ya doria na mikopo ya zana. Mfuko wa mikopo ndio utakaomtoa mzamiaji kwenye deni la tajiri, kwa hiyo hesabu zake zibandikwe kila mwezi.

Hatua ya 8. Geuzeni makubaliano kuwa sheria ndogo

Makubaliano ya mdomo yanafunga wenyeji tu. Mgeni aliyekuja na boti kutoka mbali atacheka. BMU iandae rasimu pamoja na afisa uvuvi, Halmashauri ya Kijiji iipokee, Mkutano Mkuu wa Kijiji uijadili, kisha iende halmashauri ya wilaya kuidhinishwa. Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 na Kanuni zake za mwaka 2009 ndizo msingi. Vijiji vilivyo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, vinapaswa kukaa na uongozi wa hifadhi kwanza, kwa sababu kanda za matumizi tayari zimewekwa.

Rasimu itaje kipimo kwa milimita na mchoro wake, wenye mayai na wenye doa, alama ya V, zana, mipaka ya eneo kwa majina ya miamba, adhabu, na nani anaamua. Itaje pia kambakochi aliyekamatwa akiwa hai anakwenda wapi: arudi baharini siku ile ile mbele ya mashahidi wawili. Mkiacha pengo hapo, wadogo waliokamatwa watauzwa na walinzi wenyewe. Na kama mwamba unavuliwa na vijiji viwili au vitatu, sheria iwe moja kwa vyote chini ya eneo la usimamizi shirikishi, la sivyo mtakachokiacha asubuhi kitachukuliwa jioni na jirani.

Wanadoria wasiwakabili wapiga baruti. Waandike saa, chombo, idadi ya watu na uelekeo, wapige simu kwa afisa uvuvi na polisi.

Hatua ya 9. Someni daftari, ndipo mfikirie kufunga

Kila mwisho wa kusi na mwisho wa kaskazi kaeni na daftari. Tazameni kwanza kilo kwa mzamiaji kwa saa, mkilinganisha kaskazi na kaskazi, kusi na kusi, maana wakati wa kusi bahari ni chafu na mzamiaji haoni vizuri. Kisha wastani wa gamba. Ukishuka wakati kilo kwa saa zimebaki pale pale, mnakula wadogo.

Safu yenye thamani kubwa kuliko zote ni ile ya wadogo waliorudishwa. Hao ndio mavuno ya mwaka ujao. Australia Magharibi wamekuwa wakihesabu vitoto vinavyotua tangu mwaka 1968. Vilipopungua sana miaka ya kuelekea 2009, walipunguza uvuvi mapema, kabla upungufu haujafika kwenye vyombo. Ninyi hamhitaji mitambo yao. Waliorudishwa kwa saa moja ya kuzamia wakipungua kwa robo msimu huu, punguzeni siku za kuzamia msimu ujao, msisubiri kilo zianguke.

Baada ya mwaka mmoja au miwili, daftari litaonyesha ni miezi ipi wenye mayai ni wengi katika maji yenu. Katika bahari za joto hupatikana karibu mwaka mzima, lakini kuna kilele, na hakilingani kila mahali. Miezi hiyo ndiyo ya kufunga, hasa ukingo wa nje wa mwamba ambako majike wakubwa hujikusanya, huku maeneo ya ndani yakibaki wazi ili watu wapate riziki. Tangazeni tarehe miezi miwili kabla, ili wazamiaji wajipange na kazi nyingine: jodari na nguru, mwani, au pweza wa mwamba uliokuwa umefungwa.

Siku ya kufungua wekeni kikomo cha kambakochi kwa kila mzamiaji kwa wiki mbili za mwanzo. Kila chombo kiondoke na kipimo na kibao cha kuandikia, na karani awe diko na mizani iliyokwisha kupimwa kabla chombo cha kwanza hakijarudi.